Gede na watoto wadogo: msizuru mji mzima

SWALI

Washauri, hamjambo? Tunaishi Mombasa na watoto wetu watatu: mkubwa ana miaka minane, wa kati minne, kitinda mimba mwaka mmoja na nusu. Likizo ya Agosti tunataka kwenda kuuona mji wa kale wa Gede, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Baba watoto anafundisha historia, na ukimtajia Gede utadhani umemtajia kwao. Ameshaandika orodha: kasri, misikiti yote, makaburi, nyumba moja baada ya nyingine, ukuta wa ndani na ukuta wa nje. Mimi nawajua wanangu. Mara ya mwisho tulipowapeleka kwenye magofu (mahali pengine, si Gede), kufikia saa tano wa kati alikuwa ameshakwaruzika goti kwa kupanda ukuta, mkubwa analalama "mawe tu, mawe tu", na mkate wetu umechukuliwa na kima.

Tena tutakuwa na mavyaa. Yeye anasema Gede pana wenyewe na mtoto mchanga hapelekwi pale. Wa kati kasikia, sasa kila usiku anauliza majini wanakula nini.

Nisaidieni. Siku moja inatosha? Tuangalie nini tuache nini? Kigari cha mtoto kitapita? Chakula tukifanyeje? Na hili la mavyaa nilijibu vipi bila ugomvi?

Mama Watatu, Mombasa

JIBU

Mama Watatu, hatujambo. Tuanze na ile orodha, maana ndiyo itakayoiharibu siku. Ni orodha nzuri, ila ni ya mtu mmoja mwenye siku mbili. Ukuta wa nje wa Gede ulizunguka eneo la ekari 45 hivi, na ndani yake mna majengo ambayo kwa jicho lisilozoea yanafanana yote. Watoto huchoshwa na kufanana huko kuliko umbali. Akiingia nyumba ya nne na kukuta tena kuta nne zisizo na paa, mtoto ana haki ya kusema "mawe tu".

Kwa hiyo chagueni vituo vitano visivyofanana, mvipe saa moja na nusu, mbili zikizidi sana. Baba watoto naye asinyimwe haki yake. Mkishamaliza vituo vitano, wewe na mavyaa tokeni na watoto, yeye abaki saa nzima na mtembezaji na orodha yake. Mkubwa akitaka kubaki na baba, abaki. Mapatano haya yafanyeni nyumbani, si mbele ya msikiti wakati kitinda mimba analia.

Safari yenyewe ni kilomita 100 na kidogo kwa barabara ya Malindi. Bila foleni ni kama saa mbili. Foleni ya Mtwapa ndiyo inayoamua. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili na nusu mko langoni. Mkienda kwa matatu, shukeni Gede penye njia panda ya Watamu. Hapo hadi langoni ni kama kilomita moja, lakini chukueni tuktuk: miguu ya mtoto wa miaka minne ina akiba ndogo, msiimalize barabarani. Kiingilio kilipieni kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, usiku wa kuamkia safari, wakati mtandao wa nyumbani unafanya kazi na hakuna anayekuvuta nguo. Bebeni vitambulisho, maana bei ya raia na ya mgeni si moja.

Agosti mmechagua vizuri. Masika yamekwisha na kusi inavuma. Ila kusi haiingii ndani ya msitu, na magofu yako ndani ya msitu. Kufikia saa tano pale ndani panakuwa na fukuto, jasho halikauki, na hapo ndipo vilio huanza. Maji: nusu lita kwa kila mtoto kwa mzunguko mmoja, lita kwa kila mtu mzima, na akiba nyingine iachwe garini. Viatu viwe vya kufunika vidole. Malapa hayafai, kwa sababu njia ina mizizi na jiwe la tumbawe lililovunjika lina meno kama msumeno.

Mtembezaji wa langoni mchukueni, ila mpatane kabla ya kuingia. Mwambieni hivi: tuna saa moja na nusu, tunataka vituo vitano, zungumza na watoto kwanza, baba atakuuliza yake baadaye. Asipoambiwa atatoa maelezo yale anayowapa watu wazima, na miaka na masultani vitawapita watoto juu ya vichwa.

Kituo cha kwanza ni lile kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Dakika tano zinatosha. Mkubwa apewe hesabu ya kutoa 1399 kwenye mwaka huu, basi. Kaburi la nguzo lililo karibu watalitazama wenyewe kwa urefu wake.

Cha pili ni Msikiti Mkuu, uliojengwa katikati ya karne ya 15 na kujengwa upya karne moja baadaye. Mpeni kila mtoto kitu cha kutafuta. Kwenye mlango mmoja pamechongwa ncha ya mkuki. Msiwaambie ni mlango upi. Kisha simameni nyuma, mkiangalia kibla, ambacho kwa pwani yetu kiko kaskazini, na muulize: imamu yuko wapi? Hawatamwona. Nguzo za kubeba paa zilipangwa safu tatu, na ile ya katikati inaziba mihrabu. Watoto hufurahi sana kugundua kwamba fundi wa zamani naye alikuwa na shida zake.

Kando ya msikiti kuna kisima, na hapa tutasimama kidogo, maana katika Gede yote visima ndivyo vinavyotutia wasiwasi zaidi. Mtoto hushikwa mkono kabla ya kukiona kisima, kwa sababu akishakiona atakimbia. Kila mtoto awe na mtu mzima wake: baba na mkubwa, wewe na wa kati, mavyaa asimame mbali na kisima akiwa na mdogo. Msikalie kingo wala kuziegemea. Watoto watataka kutupa jiwe wasikie likigonga. Wakatazeni, kwa kuwa kila jiwe la pale ni sehemu ya magofu. Wapige makofi au waite wasikilize sauti ikirudi, inatosha. Na mkubwa aelezwe kwamba kisima hiki kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa mara ya kwanza. Kwa nini mtu achimbe tena kisima chake? Mwache afikiri. Maji yalikuwa yanashuka, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Zile nyingine (Wazimba, wavamizi waliopita pwani hii 1589, Waoromo waliosukuma kutoka kaskazini, sheikh wa Malindi kuhamia Mombasa 1593) baba awawekee ya kusimulia garini wakati wa kurudi. Awaongezee na hili: Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na maandishi yao hayautaji mji huu.

Cha tatu ni Kasri. Watafutieni choo. Si mzaha: nyumba za mawe za Gede zilikuwa na vyoo vya shimo na mahali pa kutawadhia, na hakuna mtoto wa miaka minne asiyetaka kujua mfalme alienda wapi. Halafu watafutieni chumba kisicho na mlango. Mafundi wa Gede walijenga vyumba vya kuhifadhia mali ambavyo haviingiwi ila kwa tundu lililo juu ukutani, kwa ngazi. Ngazi ikiondolewa, mwizi hana njia.

Ukiwa hapo, mtoe mkubwa kwenye "mawe tu" kwa kazi hii. Ampe baba kalamu na karatasi, yeye apime upana wa vyumba kwa hatua zake, ukuta hadi ukuta. Aanze na kimoja, cha pili, cha tatu. Urefu utabadilika, lakini upana utarudi ule ule, kama mita mbili na nusu, chumba baada ya chumba. Asiambiwe sababu upesi. Aulizwe: kama wewe ni tajiri, kwa nini usijenge chumba kipana? Jibu liko juu, mahali ambapo sasa hakuna kitu. Paa la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye nguvu haiwi ndefu kuliko hapo. Mti wa baharini ndio uliokuwa ukipanga upana wa nyumba, hata ya mfalme. Mkirudi Mombasa, muingizeni kwenye nyumba yoyote ya zamani ya Mji wa Kale apime tena. Tunadhani baba watoto atalipenda zoezi hili kuliko mtoto, na si vibaya.

Kituo cha nne ni nyumba moja tu, mbili mkitaka, katika zile zilizo karibu na Kasri. James Kirkman, aliyechimbua Gede kuanzia 1948 hadi 1958, alizipa majina ya vitu vilivyopatikana ndani: mkasi, kauri, sanduku la pembe, bakuli la kaure. Mkasi ulitoka Hispania, taa ya chuma India, shanga Venice, sarafu China. Bebeni ramani ya dunia iliyochapwa kwenye karatasi moja, mkubwa achore mstari kutoka kila nchi hadi Gede. Wa kati atachorea kuta. Hapana, tunatania, mpeni karatasi yake.

Mkiwa mnatembea kati ya nyumba, waonyesheni kuta mbili, ya nje ya karne ya 15 na ya ndani ya baadaye. Inafahamika kuwa wenye nyumba za mawe walikaa ndani zaidi, na kadiri ulivyotoka nje ndivyo nyumba zilivyokuwa za udongo, ambazo hazikubaki. Mwulize mkubwa sisi tungekaa wapi. Majibu ya familia nzima hapo huwa ya kuchekesha.

Cha tano ni makumbusho madogo ya langoni, na yawe ya mwisho kwa makusudi. Watoto wakianza na makabati ya vioo, vitu havina kwao. Wakishaona nyumba, vitu hivyo vinakuwa vya watu fulani.

Sasa kupanda kuta. "Usipande" peke yake haimzuii mtoto, sababu humzuia. Kuta hizi ni mawe ya tumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mvua ya miaka mia nne imekula chokaa, na jiwe linaloonekana limeshikwa mara nyingi limekaa tu. Akilivuta linakuja, na la juu yake linafuata. Mkitaka wapande kitu, ulizeni langoni kama lile jukwaa lililo juu ya mti liko wazi siku hiyo. Hilo ni la mkubwa na baba. Wa kati abaki chini. Mkwaruzo wa tumbawe uosheni hapo hapo kwa maji safi na sabuni, kwa sababu chembe zikibaki ndani kidonda hukawia.

Kigari kiacheni nyumbani. Njia ni ya udongo na mizizi, na milango ya Waswahili wa kale ni myembamba, yenye vizingiti. Mtoto abebwe kwa leso, mgongoni. Jambo moja tu la kuangalia: ukipita mlangoni naye mgongoni, wewe unapita lakini magoti na viwiko vyake vinakwaruzwa na fremu ya tumbawe, kwa sababu yeye ni mpana kuliko unavyodhani. Pita ubavu, mkono mmoja umeshika goti lake. Mvike suruali ndefu nyepesi, ambayo itasaidia na mbu pia. Leso ya pili ni ya kukalia, ya kubadilishia nepi, na ya kumfunika akilala. Atalala, panga njia yako ukilijua hilo.

Kima wa Gede wamezoea watu, na wanajua begi ni nini. Mlio wa karatasi ya biskuti wanausikia kutoka juu ya mti. Chakula kisiingie msituni kabisa: watoto wale vizuri langoni kabla ya kuingia, na kilichobaki kifungwe garini. Ndani iwe ni maji tu, kwenye begi lenye zipu. Mtu akiwapa ndizi ili mpige picha, kataeni kwa adabu. Kima aliyelishwa huja kwa mtoto anayefuata akidai, na uso wa mtoto wa miaka minne uko karibu na meno yake kuliko wako. Wafundisheni mambo matatu: usimkazie macho, usimchekee kwa kuonyesha meno (kwake hiyo ni vita), na akikamata kitu, kiachie. Akiuma au kukwaruza, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje kurudi Mombasa.

Kuhusu mavyaa, usibishane naye, hasa mbele ya watoto. Wagiriama na majirani wengine wa Gede wamepaheshimu mahali hapo kwa vizazi kama penye wenyewe, na heshima hiyo ni sehemu ya historia ambayo mwanawe anaifundisha. Mwombe mambo mawili. Kwanza, visa vya usiku vingoje hadi watoto wawe wakubwa. Pili, na hili atalikubali, awe ndiye anayewapigisha watoto hodi. Mkifika ukutani, mavyaa ashike mkono wa wa kati, wapige hodi pamoja, watulie kidogo, ndipo waingie. Kila mlango, hodi. Mtoto mwenye hofu akipewa la kufanya, hofu hupungua, na mavyaa anaingia kama mwenye adabu zake badala ya mtu aliyeburutwa. Hilo la majini wanakula nini tunamwachia yeye alijibu, mchana.

Mkitoka kwenye magofu itakuwa saa nne na nusu hivi, na huo ndio wakati wa Kipepeo, mradi wa vipepeo ulio hapo hapo pembeni, ulioanzishwa 1993 ili majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke wapate kipato kwa kufuga viwavi bila kukata miti. Msiende asubuhi mkifika. Kipepeo huhitaji jua ili aruke. Kabla ya hapo amekaa kwenye jani na mtoto hamwoni. Hapa ndipo watoto wanaweza kukaa hadi baba amalize saa yake.

Mvua ikinyesha asubuhi hiyo, msiilazimishe Gede. Kuta na mizizi huteleza na matawi makavu huanguka. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, ni mji mdogo zaidi ulio kando ya bahari, na mkisubiri mawingu yapite, saa moja inatosha kuuona. Mnarani ya Kilifi nayo ni nzuri, ila kuna ngazi ndefu, na mwenye kuzipanda na mtoto mgongoni utakuwa wewe.

Ondokeni Gede kabla ya saa nane ili Mtwapa msiikute jioni. Kabla ya kupanda gari, vueni viatu vya watoto mvikung'ute, siafu hupenda soksi. Pekueni na mifuko ya suruali. Mkubwa atakuwa na kigae cha chungu, au cha kaure yenye ua la buluu, na ataapa alikikuta njiani. Kweli alikikuta njiani. Lakini sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 hairuhusu kitu kuondolewa, na kigae kikishatoka mahali pake hakuna atakayejua tena kilikuwa cha nyumba gani. Mrudishe langoni, akitoe mwenyewe kwa mtembezaji, na amwonyeshe alikiokota wapi.